Amri, Mchezo na Haki ya Mtoto: Kufundisha Maneno ya Mahali Kasese na Bwera

Je, mwalimu ana haki ya kuuamuru mwili wa mtoto ili akili yake ijifunze? Swali hili laweza kuonekana kubwa mno kwa jambo dogo kama kufundisha vihusishi vya mahali, yaani yale maneno ya Kiingereza kama in, on, under, behind na between. Walakini walimu wa watoto wadogo huko Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, hukutana nalo kila wanapowatoa watoto uwanjani kucheza mchezo wa kujifunza maneno hayo. Njia inayosifiwa sana ya kuyafundisha ni michezo ya mwendo, na michezo hiyo, tukiichungua vizuri, karibu yote imejengwa kwa amri. Mwalimu hutamka, mtoto hutenda. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba njia hiyo ni njema, lakini wema wake una sharti moja: amri isikae kinywani mwa mwalimu peke yake.

Huenda msomaji akauliza, sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili Kiingereza kinatuhusu nini? Kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, michezo hii inayotumika kufundishia Kiingereza ndiyo itakayotumika, na tayari inatumika, kufundishia Kiswahili kwa watoto ambao si lugha yao ya nyumbani. Pili, historia ya Kiswahili nchini Uganda ni funzo kubwa juu ya hali ya lugha inayowafikia watu kwa njia ya amri. Nitalirudia jambo hilo baadaye.

Mahali penyewe na mchezo wenyewe

Kasese ni mji uliokuzwa na shaba ya Kilembe na reli iliyofika kutoka Kampala mwaka 1956. Migodi na reli viliwaleta pamoja watu wa makabila mengi, na hata leo darasa moja la mjini laweza kuwa na watoto wanaosema Kikonzo, Kinyankore, Kitooro, Kiganda na Kiswahili. Bwera ni mji mdogo karibu na mpaka wa Mpondwe, chini ya milima ya Rwenzori. Huko watoto wengi husema Kikonzo, au Lhukonzo kama wenyewe wanavyoiita, nacho Kiswahili husikika sokoni kutoka kwa wafanyabiashara wa Kongo. Mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 ulielekeza kwamba darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali, Kiingereza kikiwa somo, kisha darasa la nne liwe la kuvuka kuingia Kiingereza. Shule za mijini zenye watoto wa lugha mbalimbali ziliruhusiwa kufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kwa hiyo mtoto wa Kasese na mtoto wa Bwera hawasimami mahali pamoja wanaposikia neno la kwanza la Kiingereza. Lakini wote wawili watafanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi kwa lugha hiyo hiyo.

Mchezo wenyewe wajulikana na walimu wengi. Watoto husimama uwanjani au kati ya madawati. Mwalimu husema kwa Kiingereza: simama juu ya jiwe; kaa chini ya mwembe; ingia kati ya Fulani na Fulani; zunguka nyuma ya darasa. Mwanzoni mwalimu hutenda pamoja nao, halafu huacha kutenda na kubaki kusema tu. Mtaalamu wa Marekani James Asher aliieleza njia ya namna hii katika miaka ya 1960 na 1970, akaipa jina la mwitikio wa mwili mzima. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mchanga huielewa lugha kwa miezi mingi kabla ya kuisema, akitii maneno ya mama yake kwa mikono na miguu. Basi na mwanafunzi wa lugha ya pili apewe kwanza nafasi ya kusikia na kutenda, bila kulazimishwa kusema.

Faida za njia hii hazina shaka. Shule isiyo na picha wala vitabu vya kutosha ina mawe, miti, milango na watoto wenyewe. Mtoto mwenye haya, asiyethubutu kufungua kinywa, aweza kuonyesha kwa miguu yake kwamba ameelewa. Aidha, maneno ya mahali hayafundishiki vizuri kwa tafsiri peke yake, kwani hayana kitu cha kuonyeshwa kwa kidole. Jiwe laweza kuonyeshwa, lakini «nyuma ya» haionyesheki mpaka pawepo vitu viwili na mtu anayevitazama.

Nani amekosea?

Hapo ndipo tatizo la kwanza la haki linapojitokeza. Mtoto anaposimama mahali ambapo mwalimu hakupataraji, ni nani aliyekosea?

Tuzitazame lugha zenyewe. Kiswahili kina kiambishi -ni na ngeli tatu za mahali. Twasema mezani pana kitabu, tukimaanisha mahali mahsusi. Mezani kuna kitabu, kwa mahali pa jumla. Na sandukuni mna kitabu, kwa ndani. Lugha ndugu za Uganda na Kongo zina mpango wa namna hiyo hiyo. Kinyankore kina aha meeza kwa mezani na omu nju kwa nyumbani ndani, nacho Kinande cha Beni na Butembo, kilicho ndugu wa karibu sana wa Kikonzo, kina oko na omo. Mtoto wa Bwera hajaja shuleni akiwa mtupu. Amekuja na elimu kamili ya mahali, iliyopangwa kwa taratibu, aliyoipata kwa mama yake bila kuchapwa.

Kiingereza kinagawanya mahali kwa namna nyingine. Sisi husema juu ya meza kwa kikombe kilichokaa mezani na juu ya meza kwa taa inayoning'inia pasipo kuigusa. Kiingereza kinataka neno moja kwa kinachogusa na jingine kwa kisichogusa. Sisi husema naenda nyumbani, natoka nyumbani, niko nyumbani. Neno nyumbani halibadiliki, kwa sababu kazi ya kuonyesha mwendo imeachiwa kitenzi: kwenda, kutoka, kuwako. Kiingereza huibebesha kazi hiyo kihusishi. Ndege akitua mtini, sisi twasema yuko juu ya mti, lakini Mwingereza humweka ndani yake. Abiria akiwa katika basi, sisi twasema yumo ndani ya basi, ilhali Mwingereza humweka juu yake, ingawa hamweki juu ya gari dogo. Basi mtoto anayeambiwa kwa Kiingereza kwamba watu wako «on» basi, naye akaenda kuwachora wameketi kwenye paa, hakuonyesha ujinga. Ameifuata sheria aliyofundishwa na mwalimu huyo huyo kwa jiwe na meza.

Tuchukue mfano mgumu zaidi. Kiti kimewekwa mbele ya darasa, kimegeuzwa kuelekea ubaoni. Mwalimu amesimama nyuma ya watoto, anamwambia mmoja: simama mbele ya kiti. Je, mbele ni upande ambao kiti kinaelekea, yaani upande wa ubao, au ni upande wa kuelekea kwa anayesema? Hata kwa Mwingereza majibu yote mawili yawezekana. Na kitu kisicho na uso kama mti? Mwingereza huuona mti kana kwamba unamtazama, na kwa hiyo mbele ya mti ni baina yake na mti. Wanaisimu waliochunguza Kihausa cha Afrika Magharibi walikuta kwamba wasemaji wake huweza kuuona mti kana kwamba unatazama kule wanakotazama wao, na mbele ya mti ikawa ni ng'ambo yake. Huko Australia, Waguugu Yimithirr hawategemei kulia wala kushoto, bali huvitaja vitu kwa pande za dunia, kama baharia wetu wa pwani atajavyo kusi na kaskazi.

Mifano hii haisemi kwamba kila jibu ni sahihi. Kiingereza kina kanuni zake, na mtoto atakayefanya mtihani hapana budi azijue. Yasemayo mifano hii ni kwamba kuna tofauti kati ya kosa na jibu la lugha nyingine. Mwalimu anayempigia kelele mtoto aliyesimama ng'ambo ya mti anamhukumu kwa sheria ambayo haijatangazwa. Katika mahakama yoyote hilo lingeitwa dhuluma. Wajibu wa kwanza wa mwalimu, basi, ni kuuliza kabla ya kusahihisha. Amwulize mtoto, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa: kwa nini umesimama hapo? Mara nyingi atapata jibu lenye akili, na jibu hilo litamwonyesha mahali hasa pa kuanzia kufundisha. Adhabu ya viboko nayo isizungumzwe, kwani marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yameikataza katika shule za Uganda.

Lugha iliyokuja kwa amri

Tatizo la pili ni kubwa kuliko hilo. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1953, baada ya kufa kwake, alianza na mfano wa lugha ndogo ya fundi na msaidizi wake. Fundi hutaja jina la jiwe, nguzo, bamba au boriti, na msaidizi huleta. Hiyo ndiyo lugha yao yote. Mfano huo unafanana sana na mchezo wetu wa uwanjani, na unatulazimisha kuuliza: msaidizi yule anajua lugha, au anajua kutii tu? Wittgenstein mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule za msingi vijijini Austria kati ya mwaka 1920 na 1926, akaiacha kazi hiyo baada ya kumpiga mtoto kichwani hadi akazimia. Sitaji habari hii kwa kumdharau. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba mtu aweza kufikiri kwa kina juu ya lugha, na bado mbele ya darasa asivumilie mtoto asiyetenda kama alivyoamriwa.

Sisi wa Kiswahili tuna mfano wa karibu zaidi. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikutana na Kiswahili kwanza kama lugha ya kambi. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilikitumia kutolea amri, na baada ya uhuru kikabaki kuwa lugha ya askari. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo halikukipenyeza mioyoni mwa watu, maana wengi walikuwa wamekisikia kwa sauti ya mwenye bunduki: simama, kaa chini, toa. Lugha yenye mashairi, methali na hekima nyingi ikaogopwa, kwa kuwa wasikilizaji walipewa sehemu yake moja tu, ile ya kuamriwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo kila mwalimu wa Kiswahili aliyefanya kazi Uganda anajua kwamba hofu hiyo ya zamani bado haijafutika kabisa.

Sasa tazama soko la Mpondwe. Pale Kiswahili ni kile kile, na amri ni nyingi vile vile: punguza, ongeza, weka hapo juu, toa yale ya chini. Lakini hakuna anayekiogopa. Kwa nini? Kwa sababu pale kila mmoja anaamuru na kuamriwa. Muuzaji anamwambia mnunuzi asogee karibu. Mnunuzi anamwambia muuzaji atoe nyanya za chini ya kikapu. Zamu inabadilika, na kila mmoja anaweza kukataa na kwenda zake. Basi si amri yenyewe inayoifanya lugha ichukiwe. Lugha huchukiwa pale amri inapotoka upande mmoja siku zote.

Hilo ndilo nililokusudia kulisema juu ya michezo ya mwendo. Kama mtoto atasikia Kiingereza kwa miaka mitatu kikimwambia akae, asimame, apite na arudi, na yeye asipate hata siku moja kukitumia kumwambia mtu mwingine jambo, tutakuwa tumemfundisha kwamba hiyo ni lugha ya wakubwa. Ataweza kuitii na huenda akafaulu mtihani, lakini hataiona kuwa ni yake.

Kuna jambo jingine la mahali hapa ambalo vitabu vya mbinu za kufundisha havilitaji. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wanafunzi wengi wa shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha waliuawa shuleni kwao. Katika vijiji ambamo habari hizo husimuliwa nyumbani, amri kama «lala chini» au «jifiche nyuma ya mlango» si mchezo kwa kila mtoto. Maneno chini na nyuma yaweza kufundishwa kwa jani, kwa kofia na kwa mpira. Mwalimu mwenye busara huchagua.

Wanaotolewa mchezoni

Ipo namna moja ya mchezo huu inayopendwa sana, ambapo mtoto anayekosea hutolewa nje akae, na wa mwisho kubaki ndiye mshindi. Inachangamsha, lakini tufikiri: ni nani anayetolewa kwanza? Ni yule asiyeyajua maneno, yaani yule ambaye somo limeandaliwa kwa ajili yake. Yule anayeyajua ndiye anayebaki kufanya mazoezi hadi mwisho. Mchezo huo humwongezea aliye nacho na kumnyima asiye nacho, tena mbele ya wenzake wanaocheka. Dawa yake ni rahisi. Anayekosea asitolewe, bali apewe zamu ya kutoa amri inayofuata, au watoto wacheze wawili wawili na kusaidiana.

Kadhalika mtoto mlemavu wa miguu asiachwe pembeni akitazama. Apewe kokoto na kisanduku, naye aweke kokoto ndani, juu, nyuma na kando, huku akiwaamuru wenzake wakimbie. Yeye asiyeweza kukimbia aweza kuwa jemadari mzuri kuliko wote.

Heshima ya mwalimu

Baadhi ya walimu watapinga. Watasema kwamba mtoto akimwamuru mwenziwe si neno, lakini akimwamuru mwalimu, amwambie asimame nyuma ya mlango au akae chini ya mti, adabu itavunjika. Nasi tumelelewa kwamba mdogo hamwamuru mkubwa. Hoja hii ni ya maana, wala haifai kubezwa kwa kusema kwamba ni ushamba.

Lakini mila zetu wenyewe zimelijibu swali hili zamani. Mtoto anaposema «Kitendawili!», mtu mzima hujibu «Tega!» Mtoto hutega, mkubwa hufikiri, na akishindwa, mtoto hudai apewe mji, na mkubwa humpa. Kwa muda wa kitendawili mtoto amekuwa mwenye kuuliza na mzee amekuwa mwenye kushindwa, na hakuna aliyewahi kudai kwamba babu amevunjiwa heshima. Ukumbi wa mchezo una sheria zake, na ukiisha kila mmoja hurudi katika nafasi yake. Mwalimu anayekubali kusimama nyuma ya mlango kwa amri ya mtoto wa miaka saba hajapoteza cheo. Ametega kitendawili chake kwa namna nyingine. Plato naye, katika Jamhuri, alionya kwamba elimu isiingizwe kwa watoto kwa kulazimishwa kama watumwa, bali wajifunze kwa kucheza.

Aidha, lugha yenyewe inatupa njia ya kulinda adabu. Kiswahili hutofautisha simama na usimame, na kinalo neno tafadhali, hata mtoto aweza kumwambia mkubwa: «Mwalimu, naomba usimame mbele ya kiti.» Kiingereza nacho kina maneno yake ya kuomba. Yafundishwe siku ile ile mtoto anapoanza kutoa amri, ili ajue tangu mwanzo kwamba anayesema naye ana wajibu kwa anayesikia.

Kwa muhtasari, ndugu mwalimu, mchezo upite hatua tatu. Hatua ya kwanza, mwalimu aseme na darasa zima litende kwa pamoja, ili asiwepo mmoja wa kuchekwa. Hatua ya pili, watoto waamuriane kwa zamu, wawili wawili. Hatua ya tatu, mtoto amwelekeze mwalimu, na mwalimu atende kama alivyoelekezwa, hata kama mtoto ametumia neno lisilo lake. Mtoto aliyetaka kusema nyuma ya meza, akasema juu ya meza, na kumwona mwalimu wake akianza kupanda mezani, atalisahihisha neno hilo mwenyewe, kwa sauti kubwa na kwa furaha. Masahihisho ya namna hiyo hayaachi jeraha.

Watapinga wengine kwamba hatua ya tatu inakula muda, na madarasa yamejaa tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997. Ni kweli kwamba inakula muda. Hata hivyo hatua mbili za kwanza zikisimama peke yake, mtoto wa Bwera atakuwa amejifunza mahali pa kusimama anapoambiwa, wala hajajifunza kumwambia mtu neno. Swali tuliloanza nalo lilikuwa juu ya haki ya mwalimu kuuamuru mwili wa mtoto. Jibu langu ni kwamba anayo haki hiyo kwa muda, kama mtu aliyeazimwa chombo, naye anapaswa kumrudishia mtoto amri hiyo kabla kengele haijalia.